Jinsi ya Kupima Utabiri wa Mwisho wa Dunia Unaotegemea Mpangilio wa Sayari

Ujumbe wenyewe huwa na sura moja. Kuna tarehe, kuna orodha ya sayari zitakazopangana mstari mmoja, kuna picha ya duara za rangi zilizotungwa kama shanga kwenye uzi, na mwishoni kuna onyo: matetemeko, mawimbi makubwa, giza la siku tatu. Anayekutumia mara nyingi si mwongo. Ana hofu, na ameileta kwako. Mwongozo huu ni wa kuipima hofu hiyo pamoja naye, badala ya kumcheka, au kumkubalia tu ili mambo yaishe.

Nimeona mijadala hii ikiharibika kwa njia ile ile kila mara. Huyu anasema upuuzi, yule anasema mtaona, tarehe inapita, na hakuna aliyejifunza kitu, kwa kuwa hakuna aliyesema mapema ni kitu gani kingehesabika kuwa kosa. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Lifunge dai kabla hujalijibu

Chukua karatasi. Andika dai kwa maneno ya mwenyewe, kisha muulize maswali manne na uandike majibu yake mbele yake. Litatokea nini hasa? Lini, kati ya siku gani na siku gani? Wapi? Na la nne, ambalo ndilo lenye kazi kubwa: siku ngapi zikipita bila kitu, utakubali kwamba dai lilikuwa na makosa?

Usikubali jibu kama "dunia itabadilika" au "nishati mpya itaingia." Mwombe kipimo. Kama ni tetemeko, la ukubwa gani na eneo gani? Kama ni mafuriko, bahari ipi? Ukikosa kipimo, hapo hamna utabiri wa kujadili, kwa sababu hakuna siku itakayoweza kuukanusha. Mwambie hivyo kwa upole.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Kwa sababu utabiri ulioshindwa huwa na tabia ya kubadilika baada ya tarehe. Mwaka 1974 John Gribbin na Stephen Plagemann walichapisha kitabu kilichosema kwamba mpangilio wa sayari wa Machi 1982 ungeweza kuchochea tetemeko kubwa kwenye ufa wa San Andreas, California. Machi 1982 ikapita bila tetemeko hilo. Mwezi uliofuata walitoa kitabu cha pili wakisema kwamba athari ile ilikwisha tokea mapema, mwaka 1980, mlima wa volkano wa St. Helens ulipolipuka. Volkano ikachukua nafasi ya tetemeko, na 1980 ikachukua nafasi ya 1982. Aliyekuwa ameandika dai la kwanza kwenye karatasi aliliona badiliko hilo mara moja.

Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza hukumu ya tarehe 21 Mei 2011. Siku ilipopita alisema hukumu ilikuja kiroho, na mwisho wenyewe ungekuwa tarehe 21 Oktoba. Baadhi ya wafuasi wake walikuwa wametumia akiba ya maisha yao kulipia matangazo. Namtaja pia kwa heshima, kwa kuwa mwaka 2012 alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Ni wachache sana waliofika hapo.

Hatua ya 2: Tenganisha madai matatu yaliyofungwa kamba moja

Karibu kila utabiri wa aina hii una sehemu tatu. Ya kwanza inasema jambo fulani litaonekana angani. Ya pili inasema jambo hilo lina nguvu ya kuifikia Dunia. Ya tatu inasema nguvu hiyo italeta maafa siku hiyo hiyo.

Sehemu ya kwanza mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo watu wananaswa. Mtu anafungua taarifa ya wanaastronomia, anakuta kweli sayari sita zitaonekana jioni moja, na anaona kwamba yote yaliyobaki yamethibitishwa. Tarehe 28 Februari 2025, kwa mfano, sayari zote saba nyingine zilikuwa juu ya upeo wa macho muda mfupi baada ya Jua kuzama. Hilo lilikuwa kweli. Halikusema lolote kuhusu sehemu ya pili na ya tatu. Kila sehemu idai ushahidi wake.

Hatua ya 3: Likague anga mwenyewe

Huhitaji darubini. Programu ya Stellarium ni ya bure na inakuonyesha anga la tarehe yoyote, iliyopita au ijayo. Kwenye kompyuta, bonyeza F6 kuweka mahali ulipo, na F5 kuweka tarehe iliyotajwa. Bonyeza herufi A ili mwanga wa angahewa uondoke, na G ili ardhi isikuzuie. Kisha bonyeza alama ya mkato (,). Utaona mstari ukivuka anga: huo ndio ekliptiki, njia ambayo Jua linaonekana kupita kati ya nyota kwa mwaka mzima.

Sasa tafuta sayari. Zote ziko karibu na mstari huo. Badilisha tarehe, rudi nyuma miaka 10, nenda mbele 50: bado ziko hapo hapo. Sababu ni kwamba sayari zinazunguka Jua kwenye bapa karibu moja, nasi tumo ndani ya bapa hilo, hivyo tukizitazama tunaziona zimefuata mstari. Mstari wa sayari upo kila usiku wa mwaka. Kinachobadilika ni jinsi zilivyosongamana au kutawanyika juu yake. Ningependa kila mtu aone jambo hili kwa macho yake mwenyewe mara moja tu, kwani nusu ya hofu hupungua hapo.

Baada ya hapo bofya sayari moja moja na usome umbali wake. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana zimekaribiana mpaka zikatengwa na sehemu ya kumi tu ya nyuzi moja. Wengi walidhani zinagusana. Mshtarii ilikuwa kilomita milioni 890 hivi kutoka kwetu, na Zohali kilomita bilioni 1.6. Kati yao palibaki zaidi ya kilomita milioni 700.

Pima pia upana wa huo unaoitwa mstari. Ule mpangilio wa 1982 ulizitawanya sayari kwenye tao la nyuzi 95 hivi ukizitazama kutoka kwenye Jua, yaani zaidi ya robo ya duara. Sijui ni fundi gani angekubali kuita hivyo mstari.

Dai la mwisho wa dunia la 2012 lilihitaji kipimo cha namna nyingine. Lilisema kwamba tarehe 21 Desemba Jua lingelingana na kitovu cha galaksi yetu. Ukweli ni kwamba Jua hupita upande huo wa anga kila Desemba, na halipiti juu ya kitovu chenyewe: hukipita kwa zaidi ya nyuzi 5, umbali wa kupanga Jua kumi sambamba. Kama kilichodaiwa ni Jua la siku ile ya Desemba kufika kwenye mstari wa katikati wa galaksi, mtaalamu wa hesabu za anga Jean Meeus alikokotoa kwamba ukaribu wa juu kabisa ulikuwa 1998. Na kwa kuwa Jua lina upana wa nusu nyuzi, na mstari huo husogea nyuzi moja kwa miaka 72 hivi, kuvuka kwenyewe huchukua takriban miaka 36. Huwezi kupata siku moja ndani ya jambo la miaka 36.

Kalenda ya kale ya Wamaya wa Amerika ya Kati nayo ilisingiziwa kwamba inaishia siku hiyo. Hesabu yao ndefu ya siku ilifikisha vipindi 13 vinavyoitwa baktuni, yaani siku 1,872,000 tangu mwaka 3114 kabla ya Kristo, na baada ya hapo inaendelea kuhesabu. Kwenye maandishi yao ya Palenque kuna tarehe inayoangukia mwaka 4772.

Hatua ya 4: Pima nguvu

Hapa mtabiri husema: sayari zikivuta upande mmoja, mvutano wao utaipasua Dunia. Usimjibu kwa neno "haiwezekani." Mpe hesabu.

Kuna mpangilio mmoja wa angani ambao kweli unaisukasuka Dunia, na kila mvuvi anaujua: bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua, Dunia na Mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mpangilio unaweza kuwa na athari hajasema upuuzi. Swali ni athari kubwa kiasi gani.

Nguvu inayojaza na kupwesha maji inategemea masi ya kitu (kiasi cha maada kilichomo), ikigawanywa kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Umbali ndio unaoua kila kitu. Chukua Zuhura ikiwa karibu nasi kabisa, tuseme kilomita milioni 40. Masi yake ni mara 66 ya Mwezi, lakini iko mbali mara 104 zaidi. Zidisha 104 × 104 × 104 upate 1,124,864. Gawanya kwa 66. Nguvu ya Zuhura ni sehemu moja katika 17,000 ya nguvu ya Mwezi. Mshtarii, yenye masi kubwa kuliko sayari nyingine zote zikijumlishwa, inatoa sehemu moja katika 140,000 hivi, kwa sababu hata ikikaribia bado iko kilomita milioni 590.

Sasa linganisha na jambo linalotokea kila mwezi bila mtu kuogopa. Mwezi wenyewe husogea kutoka kilomita 405,000 hivi hadi 363,000, na kwa kusogea huko nguvu yake huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Yaani kila mwezi Mwezi pekee unaongeza mvutano kwa kiasi kinachozidi mara elfu kadhaa kile ambacho sayari zote zikisimama pamoja zingeweza kuongeza. Dunia imelihimili hilo tangu kabla ya binadamu.

Kuna jambo la haki la kumpa anayebisha. Upo utafiti unaoonyesha kwamba matetemeko makubwa hutokea kwa wingi kidogo zaidi wakati wa bamvua, mkazo wa Mwezi na Jua unapokuwa juu. Likubali wazi. Halafu mwonyeshe kwamba athari hiyo ni ndogo mno kumwezesha mtu kutaja siku, na kwamba inatoka kwa Mwezi na Jua, si kwa Mirihi wala Zohali.

Hatua ya 5: Uliza mara ya mwisho ilikuwa lini

Mpangilio unaosemekana haujawahi kutokea, karibu daima umewahi kutokea. Mwaka 1499 Johannes Stöffler na Jakob Pflaum walichapisha kalenda ya nyota iliyoonyesha mikutano mingi ya sayari katika kundinyota la Samaki, Februari 1524. Samaki ni maji, wakasema wafasiri, basi gharika inakuja. Ulaya ikajaa vijitabu vya hofu. Gharika haikuja. Tarehe 4 na 5 Februari 1962 Jua, Mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho zilikusanyika ndani ya nyuzi zisizofika 20, tena pakawa na kupatwa kwa Jua. India watu wengi walikesha wakiomba. Tarehe 5 Mei 2000 zilikusanyika tena, ndani ya nyuzi 26 hivi.

Ishara ya mwisho wa dunia iliyodaiwa kuonekana tarehe 23 Septemba 2017 ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa ilionekana ya pekee mno: Jua ndani ya kundinyota la Mashuke, linalochorwa kama mwanamke, Mwezi miguuni pake, Mshtarii tumboni, na taji la nyota kumi na mbili kichwani. Ili kupata kumi na mbili, watabiri walihesabu nyota tisa za kundinyota la Simba na kuongeza Utaridi, Zuhura na Mirihi. Simba ina nyota nyingi kuliko tisa. Tisa zilichaguliwa ili jumla itimie. Na hata hivyo mpangilio wa namna hiyo ulikuwapo mwaka 1827, 1483, 1293 na 1056. Muulize mwenzako ni nini kilichoisha katika miaka hiyo.

Hatua ya 6: Jua mambo ya kawaida hutokea mara ngapi

Kwa wastani, duniani kote hutokea kila mwaka matetemeko 15 hivi ya ukubwa wa 7 hadi 7.9, moja la 8 au zaidi, na zaidi ya 130 ya ukubwa wa 6 hadi 6.9. Hiyo ni sawa na tetemeko la 6 au zaidi kila baada ya siku mbili au tatu. Nikisema leo kwamba wiki ijayo ardhi itatetemeka kwa nguvu mahali fulani, nitapatia karibu kila mara, hata nikichagua wiki kwa kurusha sarafu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilidai eneo na ukubwa. Mtabiri akileta habari ya tetemeko baada ya tarehe yake, mwombe akuonyeshe pia wiki nyingine kumi ambazo hazikuwa na mpangilio wowote.

Hatua ya 7: Kama dai ni la jiwe au sayari ngeni

Hapa badilisha mkao. Mawe ya angani ni hatari ya kweli. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la mita 20 hivi lililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo vilivyopasuka. Hakuna aliyelitabiri, si mwanaastronomia wala nabii, kwa kuwa lilitokea upande wa Jua.

Kwa mawe yaliyokwisha kugunduliwa, angalia orodha ya mawe ya hatari iitwayo Sentry ya NASA, shirika la anga la Marekani, au ile ya Shirika la Anga la Ulaya. Zote ziko wazi kwa umma. Soma namba ya kipimo cha Torino, kinachopima hatari ya jiwe kuigonga Dunia kuanzia 0 hadi 10. Asteroidi (jiwe la angani) Apophis ilifika namba 4 mwezi wa Desemba 2004, ilipokadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga Dunia mwaka 2029, na hakuna nyingine iliyowahi kufika juu zaidi. Vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hatari hiyo kwa angalau miaka 100.

Jiwe la 2024 YR4 liliwatisha wengi kwa sababu uwezekano wake ulipanda. Ulifika asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, kisha ndani ya siku chache ukashuka karibu na sifuri. Watu waliuliza nani alificha nini. Hakuna aliyeficha. Fikiria kwamba mwanzoni jiwe laweza kupita popote ndani ya ukanda wenye upana wa Dunia 100: uwezekano ni 1 kwa 100. Vipimo vikiongezeka ukanda unakuwa mwembamba, wa Dunia 30, na Dunia yetu bado imo ndani: uwezekano umepanda hadi zaidi ya 3 kwa 100. Vipimo vya mwisho vinaubana ukanda mpaka Dunia inabaki nje, na namba inaanguka ghafla. Namba ikipanda kidogo kidogo, hiyo ni kazi ya kawaida ya kupima.

Sayari ngeni kama Nibiru, inayodaiwa kuja kuigonga Dunia, ni rahisi zaidi kupima. Ilitangazwa kwa Mei 2003, ikahamishiwa 2012, ikahamishiwa 2017. Darubini ya WISE ilipekua anga lote kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na matokeo ya 2014 yalionyesha hakuna kitu cha ukubwa wa Zohali ndani ya umbali mara 10,000 ule wa Dunia na Jua. Sayari ya kufika mwaka huu ingeonekana kwa macho matupu, na ingekuwa imekwisha kuivuruga njia ya Mirihi. Maelfu ya watu wenye darubini zao nyumbani hawaajiriwi na serikali yoyote. Hakuna wa kuwanyamazisha.

Hatua ya 8: Ongea na mtu, si na dai peke yake

Ukibishana na anayeeneza utabiri mbele ya watu, shika karatasi ya hatua ya kwanza na usiiachie. Ukibishana na aliyeogopa, mwache kwanza aseme anachoogopea. Mara nyingi ni watoto wake.

Usiigeuze kuwa vita na dini. Anayeamini Kiyama hajakosea kwenye hesabu ya sayari. Aliyetaja tarehe ndiye mwenye deni. Qurani (7:187) na Injili ya Mathayo (24:36) zote zinasema kwamba saa hiyo binadamu haijui, na mwumini anayekumbushwa hilo na mtu anayemheshimu husikia haraka kuliko akipewa namba.

Kuna dalili zinazokutaka uache mjadala na utafute msaada: mtu anauza mali kwa tarehe, anaacha dawa, anawatoa watoto shule, anakata ndugu, au kiongozi wake anadai mali zikabidhiwe kwake. Machi 1997 watu 39 wa Heaven's Gate, kikundi cha kidini cha Marekani, walijiua wakiamini chombo cha angani kimekuja kuwachukua, kikiwa nyuma ya nyota mkia ya Hale-Bopp. Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia waliteketea baada ya tarehe ya mwisho waliyotangaziwa kupita. Ukiona dalili hizo, waambie jamaa zake wa karibu na vyombo vya usalama, hata kama atakukasirikia.

Hatua ya 9: Siku ya pili yake

Tarehe ikipita, toa karatasi. Usimpigie simu alfajiri kumsuta. Mkae, msome mlichoandika, muulize nini kilitokea na nini hakikutokea. Mkiweza, andikeni dai la kufuata kwa pamoja.

Kwa zoezi, anzeni na Apophis. Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, jiwe hilo la mita 340 hivi litapita kilomita zipatazo 32,000 juu ya uso wa Dunia, chini ya setilaiti nyingi za mawasiliano. Jumbe za kutisha zitakuja, nina hakika. Andika leo kile wanaastronomia wanachosema: litapita bila kutugusa, na kutoka Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi litaonekana kwa macho kama nyota ya wastani inayotembea taratibu. Usiku huo, mawingu yakiruhusu, tokeni nje mlitazame.